Somo: Jinsi ya kumpiga picha mchezaji anayekimbia kwa simu, atoke mkali na si kama moshi

Kila Jumatatu, baada ya mechi za mchangani za wikiendi, napata ujumbe uleule kutoka kwa watu tofauti: "Mkuu, mbona zako zinatoka safi, zangu mchezaji anakuwa kama moshi?" Nimejibu hadi nimechoka. Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamleta huku. Mfano wangu ni mpira, lakini mambo ni hayohayo kwa mtoto anayecheza rede au ngalawa iliyoshiba upepo.

Kwanza toeni megapikseli kichwani. Kinachoharibu picha ni muda. Kamera hupokea mwanga kwa kipande cha sekunde, na chochote kinachosogea ndani ya kipande hicho kinajichora kama mfuto. Mchezaji anayekimbia mita 6 kwa sekunde, simu ikitumia 1/60 ya sekunde, anasogea sentimita 10 kabla picha haijafungwa. Kwa 1/1000 anasogea milimita 6 tu. Simu ya laki mbili na ya milioni tatu zote ziko chini ya hesabu hiyo.

1. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba.

2. Zima flashi na hali ya usiku. Flashi ya simu haifiki popote uwanjani, na hali ya usiku inaunganisha picha kadhaa kuwa moja, ndiyo maana mchezaji anatoka na miguu minne. HDR, ambayo nayo huunganisha picha kadhaa, izime kama simu yako inaruhusu.

3. Jua liwe mgongoni kwako. Mechi ya saa kumi jioni, kaa upande wa magharibi wa uwanja. Sogea karibu, usivute kwa vidole: kuvuta kunakuza na mtikisiko wa mkono wako.

4. Chagua kasi ya shata mwenyewe, yaani kile kipande cha sekunde. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo someni taratibu.

Kwenye Android nyingi fungua hali ya Pro. Kama simu yako haina, jaribu Open Camera, ni ya bure, ingawa si kila simu itairuhusu kushika shata. Kwa mpira anza na 1/1000. Mwanga ukipungua shuka hadi 1/500. Chini ya hapo miguu na mpira vinaanza kufutika. Kamera ya kawaida ya iPhone haikupi nafasi hii, utahitaji programu nyingine ya kamera.

Kosa langu lilikuwa kwenye ISO, yaani kiasi ambacho kamera inaongezea nguvu mwanga iliopokea. Ilikuwa fainali ya mtaa, jua kali, nikafunga shata 1/1000 na ISO ya chini, zisibadilike. Kipindi cha kwanza picha zilitoka safi kabisa. Kipindi cha pili wingu likatanda, kioo kikawa giza, nami nikadhani ni macho yangu, nikaongeza mwangaza wa kioo badala ya ISO. Goli la ushindi lilifungwa dakika za mwisho na nilikuwa nimelipata, mguu bado uko hewani. Nyumbani nikakuta picha nyeusi. Nilipoing'arisha ikajaa chengachenga, sura haitambuliki. Yule kijana alikuja kuiomba aipeleke kwa mama yake, na sikuwa na cha kumpa. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo: FUNGA SHATA, ISO IACHE OTOMATIKI. Kama simu yako ukifunga kimoja inakulazimisha kufunga na kingine, kagua ISO kila wingu linapopita. Usiamini mwangaza wa kioo. Fungua picha uliyopiga, ikuze, tazama uso wa mtu.

5. Fungia fokasi (pale kamera inapolenga ukali) mahali mchezaji atakapopita, usimfukuze. Bonyeza kwenye mchanga pale mbele ya goli, shikilia hadi ijifunge, kisha subiri. Ukigeukia eneo jingine, funga upya.

6. Piga mfululizo. Kwenye iPhone za kuanzia XS telezesha kitufe cha kupigia kushoto. Kwenye Samsung nyingi kivute kuelekea ukingo wa simu. Simu yangu ikiwa kwenye Pro haikubali mfululizo, kwa hiyo nachagua wakati. Mtu anayeruka kupiga kichwa, akifika juu kabisa anakuwa karibu amesimama hewani kabla ya kushuka. Bonyeza kidogo kabla hajafika hapo, maana simu inachelewa.

Maswali ya wanachama

Kifaru Mpole: Simu yangu haitoi picha kali kabisa. Nifanyeje?

Mleta mada: Simu gani, unapiga nini, saa ngapi, na umejaribu hatua ipi? Bila hayo siwezi kukusaidia.

Jogoo la Shamba: Nimeweka hiyo 1/1000 sebuleni usiku, mtoto anacheza, picha nyeusi tii. Somo lako halifanyi kazi.

Mleta mada: Mfano wangu wote ni wa jua la alasiri, na hatua ya 4 inaeleza kinachotokea mwanga ukipungua. Taa moja ya sebuleni haiwezi kulisha 1/1000. Weka 1/125, mlete mtoto karibu na taa, umngoje anapogeuka au kucheka, kile kituo kifupi.

Binti Shangani: Kaka, asante sana. Mimi napiga mashindano ya ngalawa nikiwa ndani ya boti, kwa hiyo na mimi nayumba. Kuna namna?

Mleta mada: Dada, swali zuri sana. Usiegemeze viwiko kwenye ubao wa boti, mtetemo wa injini utapanda hadi kwenye simu. Simama miguu imeachana, magoti yamelegea, viwiko vimebana mbavu. Baharini mchana mwanga ni mwingi, panda hata 1/2000. Ila tanga jeupe linaungua haraka, yaani linatoka jeupe tupu, kwa hiyo shusha mwangaza wa picha kidogo mpaka mishono ya tanga ionekane. Na matone ya chumvi yakikauka kwenye lenzi usiyasugue, yanaweza kukwaruza. Loweka kitambaa kwa maji yasiyo na chumvi, bandika kwanza, ndipo ufute.

Binti Shangani: Hilo la chumvi sikuwahi kuambiwa, na lenzi yangu tayari ina mikwaruzo.

Fundi Redio: Uwanja wetu una taa, tunacheza usiku. Nikipanda hadi 1/1000 natoka na mistari ya giza inayokatiza picha. Tatizo ni simu?

Mleta mada: Hapana, ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapanda na kushuka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Kamera ya simu inasoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo inanasa sehemu zenye mwanga na zenye giza. Tumia 1/100, mistari itapotea. Kwa kasi hiyo anayekimbia atafutika, basi piga walioruka, kipa anayejipanga, furaha baada ya goli.

Msafiri wa Mbeya: Mkuu, kuna picha za bodaboda ambazo pikipiki ni safi na nyuma kote kumevutika. Hiyo wanafanyaje?

Mleta mada: Hiyo unakwenda kinyume, unashusha shata. Weka 1/30 au 1/60, jua likishazama, maana juani picha itaungua. Simama pembeni ya barabara mahali salama, pikipiki ipite ubavu kwa ubavu na wewe. Anza kuifuata kwa simu ingali mbali, ukizunguka kiunoni, mikono imetulia. Bonyeza ikiwa mbele yako na uendelee kuzunguka hata baada ya kubonyeza. Wengi wanasimama hapo ndipo wanapoharibu. Piga hamsini, utapata mbili za maana. Ukizipata ziweke hapa, nami nataka kuziona.

Kifaru Mpole: Ni Samsung, mpira, saa kumi na moja. Nimefuata yote, kwenye simu ni kali, nikituma kwenye grupu la WhatsApp zinakuwa mbovu.

Mleta mada: Sasa umeuliza vizuri, na kumbe unapiga safi. WhatsApp inaibana picha ili iwe nyepesi. Usiitume kama picha, itume kama faili la hati, itafika ilivyo. Itakula bando zaidi, kwa hiyo chagua tatu bora kabla ya kutuma.