Jinsi ya kuandika andiko la kuomba hela za utafiti wa tiki kwa watoto na vijana

Naandika hii kwa wale wanaotaka kuomba ruzuku ya utafiti kuhusu tiki, yaani ile hali ya mtoto kupepesa macho, kurusha bega, kuguna au kukohoa bila kikohozi na akijizuia anaweza kidogo tu halafu inatoka. Siongelei ruzuku za maabara za kusoma ubongo au jeni, hizo zina watu wake. Naongelea hela za afya ya jamii, na kosa ninaloliona sana ni watu kuchanganya hivi viwili, mtu anaenda kwa mfadhili wa afya ya jamii na kurasa tatu za dopamini (kemikali ya ubongo) halafu anashangaa kukataliwa. Mfadhili huyu anataka kujua mambo mengine kabisa, watoto ni wangapi, nani anakosekana kwenye hesabu, wanapoteza nini shuleni na nyumbani kwa sababu hawajatambuliwa, na tiba ambayo tayari ipo inawafikiaje.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata sentensi moja chukua tangazo la ruzuku ulisome lote, mara mbili, pamoja na zile kurasa za mwisho zinazochosha. Angalia nani anaruhusiwa kuomba (matangazo mengine hayapokei taasisi za nje ya nchi ya mfadhili, na mtu anakuja kugundua ameshaandika mwezi mzima), na angalia kama ni ruzuku ya kawaida au ni makubaliano ya ushirikiano. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya afya ya jamii, kwa mfano hutumia sana hayo makubaliano, maana yake wataalamu wao watakuwa ndani ya mradi wako, sio kukupa hela tu na kusubiri ripoti. Tangazo likiwa na jina la ofisa wa programu mwandikie barua pepe fupi, aya moja ya wazo lako na swali moja, je, hili linaingia kwenye mnachotafuta. Watu wanaogopa kufanya hivi, sijui kwa nini, ndiyo kazi yake.

Sasa hesabu, na hapa maandiko mengi yanafia. CDC wanakadiria karibu mtoto 1 kati ya 162 ana Tourette (tiki za kudumu za mwili na za sauti), yaani kama asilimia 0.6, na karibu nusu yao hawajawahi kupewa jina la ugonjwa wao. Piga hesabu mwenyewe: ukienda shuleni kutafuta watoto 60 wenye Tourette itabidi upite kwenye watoto 10,000 hivi. Mtu akiandika kwamba atapata watoto 200 kwa kupita shule mbili tatu, mpitiaji, yule anayemsomea mfadhili maandiko na kuyapima, anajua hapo hapo kwamba huyu hajakaa chini na kalamu. Na ukisema basi nitatumia mafaili ya hospitali, sawa ni rahisi zaidi, ila ile nusu ambayo haijatambuliwa haimo kwenye faili lolote na huenda hao ndio uliotaka kuwasaidia, maana mtoto wa kupepesa amepelekwa kwa daktari wa macho, wa kuvuta kamasi ametibiwa mzio, na wa kutoa sauti ameadhibiwa kwa kelele darasani. Kama lengo lako ni Tourette peke yake sema hivyo, na kama ni tiki zote za kudumu sema pia, maana idadi inabadilika sana. Kwa vigezo vya DSM-5, kitabu cha Marekani cha kutambua magonjwa ya akili, Tourette ni tiki kadhaa za mwili pamoja na angalau moja ya sauti, zaidi ya mwaka mmoja, zilizoanza kabla ya miaka 18. Za chini ya mwaka ni kundi jingine.

Huo mwaka mmoja una maana kwenye ratiba yako. Ukitaka kutofautisha tiki za kupita na za kudumu, mradi wa miezi 12 hautoshi, bado kuna kibali cha maadili, kuajiri watu na kuwafundisha, kwa hiyo usiombe hela za mwaka mmoja kwa kuona aibu ya kuomba nyingi.

Halafu kundi la kulinganisha. Tiki zinapanda na kushuka zenyewe, kwa wengi zinakuwa kali zaidi kati ya miaka 10 na 12 halafu zinapungua ujanani, na familia huja kutafuta msaada zikiwa zimepanda kabisa. Maana yake hata usipofanya chochote, ukipima baada ya miezi michache wengi watakuwa na nafuu! Andiko langu la kwanza lilikataliwa kwa hili tu, niliandika tutapima kabla na baada, basi, na mpitiaji akauliza mtajuaje ni nyie mliofanya. Alikuwa sahihi. Angalia utafiti wa mwaka 2010 wa CBIT, tiba ya tabia ya kumfundisha mtoto kudhibiti tiki bila dawa: watoto 126 wa miaka 9 hadi 17, waliopata nafuu kwenye tiba walikuwa asilimia 52.5, na kwenye kundi la pili lililopewa elimu na ushauri tu asilimia 18.5. Bila lile kundi la pili hao karibu 1 kati ya 5 wangehesabiwa kama ushindi wa tiba.

Kama unatafuta wazo la swali zuri, soma utafiti wa ORBIT wa Uingereza uliotoka 2021. Watoto na vijana 224, tiba ya tabia kwa intaneti huku mtaalamu akisaidia kwa mbali, na hela zilitoka NIHR, taasisi ya Uingereza inayofadhili utafiti wa afya. Hawakuuliza kama tiba ya tabia inafanya kazi, waliuliza kama inaweza kumfikia mtoto asiye na mtaalamu karibu, na hilo ni swali la afya ya jamii kabisa.

Bajeti sitaongea sana ila kuna vitu vinasahaulika kila mara. Kipimo cha YGTSS, kinachotumika kupima ukali wa tiki, kinahitaji watu waliofunzwa, wawili wakimwona mtoto mmoja alama zao zikaribiane, kwa hiyo weka hela ya mafunzo, na ya tafsiri kama lugha ni nyingine. Video za watoto ni siri zao, weka hela ya kuzihifadhi salama. Na wengi wa watoto hawa wana kitu kingine juu ya tiki, ADHD (kushindwa kutulia na kumakinika), OCD (mawazo na vitendo vya kujirudia), wasiwasi, wengine huzuni nzito, sasa ukimkuta mtoto wa hivyo unampeleka wapi? Andika jibu, na uliwekee hela.

Vijana wenyewe waingie mapema na walipwe muda wao, tena wakati maswali bado yanaandikwa. Kwenye mradi mmoja dodoso letu lilimtaka mtoto ahesabu tiki zake kila siku, kijana mmoja akatuambia kule kuhesabu tu kunaziamsha. Mwingine akasema darasani anazibana siku nzima zinatoka akifika nyumbani, kwa hiyo kumpima kliniki dakika 20 hakutaonyesha kitu. Tulibadilisha njia nzima ya kupima, na wapitiaji waliisifu sehemu hiyo kuliko zote.

Kwa hela za NIH (taasisi ya serikali ya Marekani ya utafiti wa afya) au CDC, taasisi yako inahitaji usajili kwenye mifumo yao ya mtandaoni, SAM.gov, Grants.gov na eRA Commons, na NIH wenyewe wanasema ni wiki sita au zaidi. Anza leo, kabla ya andiko. Andika ukurasa wa malengo kwanza, kwa NIH ni ukurasa mmoja tu, mpe mtu asiye wa fani yako, akishindwa kukwambia unatafuta nini rudia.

Ukikataliwa usijibu siku hiyo. Kaa wiki, kisha andika kila hoja ya wapitiaji na mbele yake umebadilisha nini na ukurasa gani. NIH wanakuruhusu kurudisha andiko lile lile lililoboreshwa mara moja ndani ya miezi 37, na barua ya kuelezea mabadiliko nayo ni ukurasa mmoja, kwa hiyo anza na ile hoja iliyokuuma zaidi.