Muda wa Rufaa ya Uhamiaji Uingereza Ukikupita

Aliye ndani ya Uingereza ana siku 14 za kukata rufaa katika baraza la ngazi ya kwanza la uhamiaji na hifadhi ya wakimbizi, zinazohesabiwa tangu alipotumiwa uamuzi wa kumkatalia ombi lake, si tangu alipofungua barua. Kwa aliye nje ya nchi ni siku 28, na kwa kawaida huhesabiwa tangu alipoupokea. Kwa hiyo tunza bahasha yenye muhuri wa posta, au baruapepe yenyewe, kabla ya jambo lingine lolote.

Ukigundua kwamba umechelewa, wasilisha rufaa mara moja, na ndani yake uombe kuongezewa muda na ueleze sababu. Usisubiri vielelezo vyote vikamilike, kwani kila siku unayosubiri nayo itahitaji maelezo. Aliyezoea mahakama za Tanzania anaujua mtindo huu wa kutolea hesabu kila siku ya ucheleweshaji, na huku nako utamfaa. Tuseme uamuzi ulitumwa tarehe 3 Machi, muda ukaisha tarehe 17, nawe ukawasilisha tarehe 26. Andika kwamba ulilazwa kuanzia tarehe 12 hadi 24 na uambatishe karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitalini. Kisha eleza kwamba tarehe 25 ulikuwa kwa wakili, na usisahau kusema ulifanya nini kati ya tarehe 3 na 12, maana hapo ndipo wengi hunyamaza.

Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufaa ya Uingereza katika shauri la Denton, mwaka 2014, jaji hupima uzito wa ucheleweshaji, sababu zake, kisha mazingira yote ya shauri. Kukosa fedha au kutokuwa na wakili, ingawa ni shida ya kweli, kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa sababu nzuri. Ikiwa kosa ni la wakili, kumlaumu tu hakutoshi: mwandikie, mpe nafasi ya kujibu, na uambatishe barua zote mbili.

Aliyeomba kuongezewa kibali cha kukaa nchini kabla hakijaisha hulindwa na sheria, yaani kibali chake huendelea, hadi muda wa rufaa umalizike. Muda ukipita bila rufaa, ulinzi huo hukatika, na ombi la kuongezewa muda halitoshi kuurudisha. Kabla ya kurudi kazini, muulize wakili kama bado unayo haki ya kufanya kazi.