Unataka hisa za stima na simu? Anza na risiti yako ya token

Kila msimu wa dividendi, ile faida kampuni inagawia wenye hisa, naulizwa swali lilelile, ninunue KenGen, Kenya Power ama Safaricom? Na mimi nauliza kwanza, hio pesa unaitaka ikufanyie nini? Kama ni ya kusaidia karo kila mwaka, tafuta kampuni inayogawa bila kuruka. Kama ni ya mtoto ambaye saa hii ana miaka mitatu, si lazima ikupe kitu mwaka huu, bora biashara yenyewe ikue. Wengi wanachanganya hapo alafu wanakasirikia hisa bure.

Sasa fungua ile SMS ya token. Umelipa 500 lakini pesa ya stima yenyewe ni pungufu, zingine zimeenda kwa makato, na ukiyachambua utakuta kuna ya mafuta, ya dola, ya maji, ya kupeleka stima vijijini na VAT. Manake mafuta ya jenereta yakipanda ni wewe unalipa, sio kampuni. Ndio utamu wa biashara ya stima huo, mteja hana pa kuhamia kirahisi. Lakini bei pia haipangwi na kampuni, inapitia EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za stima na mafuta, na siasa, na Januari 2022 ilishushwa asilimia 15, mwenye hisa hakuulizwa.

Alafu angalia madeni ni ya pesa gani. Kenya Power mwaka ulioisha Juni 2023 ilipata hasara ya bilioni 3.19, mwaka uliofuata faida ya bilioni 30. Si ati tuliwasha taa mara kumi jamani! Bei mpya zilikuwa zimeanza Aprili 2023, na shilingi ikapata nguvu kwa hivyo madeni ya dola na yuro yakapungua kwa vitabu. Ikatoa senti 70 kwa hisa, mara ya kwanza baada ya miaka saba. Mimi kampuni kama hio siiiti ya mapato, hata ikigawa vizuri mwaka huu, manake mtu aliyeitegemea kwa karo mtoto angekaa nyumbani miaka saba. KenGen, inayozalisha stima, imetulia kidogo, ina mvuke wa Olkaria na mabwawa ya Tana, lakini mteja wake mkubwa ni huyohuyo Kenya Power, so ukifungua hesabu zake nenda moja kwa moja kwa pesa inazodai wateja, ikiwa inavimba kila mwaka faida ni ya karatasi.

Hesabu ya mapato ni rahisi, gawanya dividendi kwa bei ULIYONUNUA wewe. Safaricom ilitoa shilingi 1.20 kwa hisa kwa mwaka wa fedha wa 2023, wa 2024 na wa 2025. Hisa 1,000 ni 1,200, toa kodi ya asilimia 5 unabaki na 1,140. Aliyenunua kwa 20 anapata asilimia 5.7 baada ya kodi, aliyeingia 2021 ikiwa karibu 45 anapata kama mbili na nusu, na yule wa IPO ya 2008, hisa zilipouzwa kwa umma mara ya kwanza, aliyelipa 5 tu, huyo mwache acheke. Kampuni ni hiyohiyo na dividendi ni hiyohiyo. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imetoa 1.39, ikashuka wakati pesa nyingi inaenda kujenga mtandao Ethiopia, na huo ndio ukuaji wenyewe ulivyo, unalishwa na dividendi yako ya leo. Ukikubali hivyo nunua, usipokubali usinunue.

Na linganisha na bondi ya miundombinu ya serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Ile ya Februari 2024 ilitoa asilimia 18.46 bila kodi. Mwaka kama huo kununua hisa ya asilimia 6 kwa ajili ya mapato ni kujitesa, labda uwe unatarajia bei ipande.

Kitu kingine watu hawaangalii kabisa ni mkataba unaisha lini. Kampuni inayoitwa Umeme, ya Uganda, ilikuwa na mkataba wa miaka 20 wa kusambaza stima, ukaisha 31 Machi 2025, serikali ikachukua mtandao wake na kulipa dola milioni 118, kampuni ikasema inadai zaidi ya hapo, kesi ikaenda kwa wasuluhishi London. Miaka ya mwisho dividendi za kampuni kama hio zinaonekana tamu sana ukizigawanya kwa bei, kumbe unarudishiwa mtaji wako kidogo kidogo.

Siku ya kununua weka bei yako mwenyewe kwa broka, usimwambie anunue kwa bei yoyote. Na angalia tarehe ya kufunga daftari, siku kampuni inaangalia nani ana hisa ndio ajue wa kulipa dividendi. Mimi niliwahi kununua siku ya daftari lenyewe nikidhani nimewahi, kumbe hisa inachukua siku tatu kuingia kwa akaunti ya CDS, ile inayoshika hisa zako, dividendi akala aliyeniuzia. Ukimaliza hakikisha namba ya benki ama ya M-Pesa iliyo kwa akaunti bado ni yako, manake dividendi zisizodaiwa zikikaa miaka zinapelekwa UFAA, mamlaka ya serikali ya mali zisizodaiwa, na hapo utajaza fomu mpaka uchoke.