Pesa Kutoka Nje: Zipi KRA Inazidai na Zipi Haizidai

Watu wengi hudhani kwamba mteja akiwa Berlin au Texas, kodi ni shauri la huko, si la KRA, Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Wengine huogopa hata dola mia anazotuma shangazi. Wote wanauliza swali lisilofaa, yaani pesa imetoka wapi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, inataka kwanza kujua kama wewe ni mkaazi wa Kenya katika mwaka ule, halafu pesa yenyewe ni ya aina gani. Sarafu haijalishi. Kama pesa imebaki Payoneer, akaunti ya mtandaoni ya kupokelea malipo ya nje, au imeshashuka M-Pesa, hilo pia halijalishi.

Ukaazi kwanza

Mwaka wa kodi wa mtu binafsi ni Januari 1 hadi Desemba 31. Ukiwa na makao ya kudumu Kenya na ukakanyaga nchini siku yoyote ndani ya mwaka huo, wewe ni mkaazi wa kikodi. Siku yoyote, hata wiki moja ya Krismasi. Kama huna makao ya kudumu, zinahesabiwa siku: 183 au zaidi ndani ya mwaka huo, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka ukijumlisha mwaka huo na miwili iliyoutangulia. Siku si lazima zifuatane.

Uraia hauonekani popote katika kipimo hicho. Mjerumani aliyekaa Diani miezi minane ni mkaazi. Mkenya aliyekaa Doha mwaka mzima bila kurudi si mkaazi mwaka huo, hata kama PIN yake, namba ya mlipakodi, ingali hai.

Hapa ndipo wengi wa Ghuba hujikwaa. Una nyumba yako Kitengela, mke na watoto wako humo, na wewe huja likizo kila Desemba. Kisheria mwaka huo wewe ni mkaazi, na mshahara wa Dubai unaingia kwenye hesabu ya Kenya. Kwa kuwa Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mishahara, huna risiti ya kodi ya huko ya kupunguzia ya hapa. Kinachoweza kukusaidia ni mkataba wa kodi baina ya nchi hizo mbili. Mtu akihesabiwa mkaazi kote kuwili, mkataba huangalia makao ya kudumu yako wapi, kisha maisha yako yameegemea wapi zaidi, kisha hukaa wapi kwa kawaida, na uraia huja mwishoni. Kuutumia kunahitaji cheti cha ukaazi wa kikodi kutoka nchi unakofanya kazi. Kiombe ukiwa bado huko. Kukifuatilia ukiwa Nairobi baada ya mkataba wa kazi kuisha ni adha.

Sasa aina ya pesa

*Mshahara.* Kifungu cha 5 kinasema ajira ya mkaazi inatozwa kodi, kazi iwe imefanywa ndani au nje ya Kenya. Ukiajiriwa na kampuni ya Uholanzi ukifanyia kazi sebuleni kwako Eldoret, mshahara wote unatozwa. Mwajiri asiye na ofisi Kenya kwa kawaida hakukati PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi, kwa hiyo mzigo wa kukokotoa na kulipa ni wako.

*Kazi huria na biashara.* Kuandika programu, kutafsiri, kuhariri video, kufundisha kwa intaneti: ukifanya ukiwa Kenya, mapato yamezaliwa Kenya, mteja awe popote. Na ukiwa mkaazi unayefanya biashara sehemu hapa na sehemu nje, faida yote huhesabiwa kuwa ya Kenya. Kwenda Kigali mwezi mmoja na kompyuta mpakato hakuondoi mapato ya mwezi huo kwenye hesabu.

*Pango la nyumba iliyoko nje, gawio la hisa za nje, riba ya benki ya nje.* Hapa Kenya ni mpole. Kwa mtu binafsi, mapato ya uwekezaji yaliyozaliwa nje hayahesabiwi kuwa yametoka Kenya. Mpangaji wako wa Manchester hakuongezei kodi Nairobi, ingawa Uingereza itataka yake.

*Pesa za jamaa.* Karo iliyotumwa na kaka aliye Minnesota si mapato yako. Lakini malipo ya mteja hayageuki zawadi kwa sababu yaliandikiwa neno "familia" wakati wa kutumwa.

Wasomaji wa Tanzania wasiige orodha hii. Huko mkaazi hutozwa mapato ya dunia nzima, pamoja na nyumba na gawio la nje, isipokuwa kama jumla ya ukaazi wake maishani haijapita miaka miwili. Kwa upande mwingine, Tanzania humpunguzia mkaazi kodi aliyolipa nje hata pasipo mkataba, mradi isizidi kiwango chake cha wastani cha kodi ya Tanzania.

Mwajiriwa au kontrakta?

Amua kabla ya kushika kikokotoo. Kampuni nyingi za nje huandika "kontrakta" hata kwa mtu mwenye saa maalum, likizo ya kulipwa na bosi mmoja. KRA huangalia uhusiano wenyewe, si jina lililo kwenye karatasi. Tofauti ni ya pesa: kontrakta hutoa gharama za kazi kwenye mapato kabla ya kukokotoa kodi, mwajiriwa hawezi kutoa bili ya intaneti.

Gharama zinazokubalika ni zile za kazi tu: ada ya jukwaa la mtandaoni unakopatia kazi, makato ya kutuma pesa, programu za kulipia, intaneti, umeme wa sehemu unayofanyia kazi. Kompyuta haitolewi yote kwa mpigo. Hutolewa 25% ya bei kila mwaka. Tangu Januari 2024, gharama ya hapa nchini bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, inaweza kukataliwa, kwa hiyo dai ankara dukani kabla hujatoka. Ada za majukwaa ya nje huthibitishwa kwa ankara zao wenyewe. Zipakue kila mwezi, maana akaunti ikifungwa zinapotea nayo.

Kodi ya mauzo ya 3%, ile ya wenye mauzo ya milioni 1 hadi milioni 25, inawavutia wengi kwa wepesi wake. Haihusu malipo ya kitaalamu, na kazi nyingi za mtandaoni huangukia humo. Ukiitumia bila haki, KRA hukurudisha kwenye hesabu ya kawaida pamoja na adhabu.

Hesabu yenyewe

Viwango vya mwaka ni: 10% kwa 288,000 za kwanza, 25% kwa 100,000 zinazofuata, 30% kwa 5,612,000 zinazofuata, 32.5% kwa 3,600,000 zinazofuata, na 35% kwa zinazopita 9,600,000. Kila mkaazi hupunguziwa 28,800 kwa mwaka. Ndiyo maana anayepata 24,000 kwa mwezi halipi kitu, lakini ritani, taarifa ya mapato ya mwaka kwa KRA, lazima aijaze.

Kila malipo yageuzwe kuwa shilingi kwa kiwango cha kati cha Benki Kuu ya Kenya cha siku yalipoingia kwenye akaunti yako ya jukwaa. Usingoje siku ya kutoa pesa. Andika kiasi kamili kabla ya ada ya jukwaa, kisha ada iwe gharama. Ukiandika kilichobaki tu, rekodi za jukwaa na ritani yako hazitalingana.

Mfano, ukiacha kando SHIF (mchango wa bima ya afya) na ushuru wa nyumba za gharama nafuu: mapato 2,300,000, gharama 400,000, faida 1,900,000. Kodi ni 28,800, jumlisha 25,000, jumlisha 30% ya 1,512,000 ambayo ni 453,600. Jumla 507,400. Toa 28,800, unalipa 478,600.

Kodi ya mwaka isiyokatwa kwenye chanzo ikifika 40,000, hulipwa kwa awamu nne za 25%: Aprili 20, Juni 20, Septemba 20 na Desemba 20. Katika mfano huu ni 119,650 kila awamu. Mwaka ambao huwezi kuukisia, unaruhusiwa kutumia 110% ya kodi ya mwaka uliopita. Salio hulipwa kufikia Aprili 30, na ritani hujazwa kufikia Juni 30. Tarehe hizi mbili huchanganywa sana: anayelipa salio Juni anakuwa amechelewa miezi miwili.

Ukishakatwa kodi nje

Kwa raia wa Kenya aliyefanya kazi ya kuajiriwa nje, kodi ya mshahara aliyolipa huko hupunguzwa kutoka kodi ya Kenya. Chukua mkaazi aliyepata sawa na 3,000,000 kwa mkataba wa muda Marekani na kukatwa 300,000 huko. Kodi ya Kenya ni 808,600 baada ya nafuu. Anabaki kulipa 508,600. Angekatwa zaidi ya 808,600, Kenya isingemrudishia ziada.

Biashara na kazi huria ni ngumu zaidi. Kukiwa na mkataba wa kodi, kama na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Kanada, Uswidi, India au Afrika Kusini, unapunguziwa kwa masharti ya mkataba. Pasipo mkataba, na Marekani haina mkataba na Kenya, kodi ya huko hutolewa kama gharama tu. Kwa kiwango cha 30%, shilingi 100 iliyokatwa huko inakuokolea 30 hapa.

Kwa hiyo zuia makato yasiyostahili mapema. Jukwaa la Marekani likikupa fomu W-8BEN, ijaze: inathibitisha kwamba wewe si mtu wa Marekani, na huduma uliyoifanya ukiwa Kenya haihesabiwi kuwa mapato ya Marekani. YouTube ni tofauti. Sehemu inayotokana na watazamaji wa Marekani hukatwa 30% kwa Mkenya. Usipojaza fomu, wanaweza kukata 24% ya mapato yako yote ya dunia.

Kwenye iTax

iTax ni tovuti ya KRA ya kujaza ritani. Hakikisha PIN yako ina wajibu wa kodi ya mapato ya mtu binafsi mkaazi. Pakua fomu ya IT1 ya Excel na uruhusu makro, la sivyo vitufe havifanyi kazi; simu nayo haifai kwa shughuli hii. Katika ukurasa wa kwanza chagua kwamba una mapato ya biashara, au ya ajira, maana kurasa zinazofuata hufunguka kulingana na majibu hayo. Kama hakuna aliyekukata PAYE, usiandike chochote kwenye safu yake. Awamu ulizolipa ziingize kwenye ukurasa wake, zikilingana na namba za malipo. Thibitisha, faili la zip litokee, lipandishe, kisha tengeneza namba ya malipo, PRN, ulipe benki au kwa simu. Kujaza bila kulipa hakusimamishi riba.

Kosa baya kuliko yote ni ritani ya sifuri ya kila Juni huku benki ikipokea dola kila mwezi. Taarifa ya benki ikiombwa, hakuna maelezo yatakayosimama. Ritani ya zamani inaweza kurekebishwa kwenye iTax ndani ya miaka 5, na kujirekebisha kabla hujaandikiwa barua ni rahisi kuliko kujitetea baadaye. Kuchelewa kujaza ni 5% ya kodi au 2,000, iliyo kubwa. Kuchelewa kulipa ni 5% nyingine na riba ya 1% kwa mwezi. Kwa kodi ya 478,600, hiyo ni 23,930 mara mbili, na 4,786 kila mwezi unaopita.

Weka mikataba, ankara, taarifa za jukwaa na nakala za mihuri ya pasipoti kwa miaka 5. Mihuri ya pasipoti huonekana upuuzi hadi siku utakapoambiwa uonyeshe siku 183.