Kikao cha kujenga mtaa upya kikiitishwa: jinsi wakazi wanavyoweza kujiandaa

Karatasi hubandikwa kwenye mlango wa sosho, ukumbi wa mikutano wa mtaa, siku chache tu kabla ya kikao: wakazi wote wanaalikwa kutoa maoni kuhusu mpango wa kujenga mtaa upya. Ukiiona, usikimbilie kutafuta watu wa kupiga kelele. Tafuta daftari na kalamu.

Mimi ni katibu wa kamati ya wapangaji katika mtaa mmoja wa nyumba za kaunti kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi. Nawasihi majirani wa Bahati, Maringo, Jericho, Ziwani na kwingineko Eastlands jambo moja: jihesabuni wenyewe kabla hamjahesabiwa. Orodha ya kaunti ina jina lililo kwenye kadi ya nyumba, ile inayoonyesha mpangaji anayetambuliwa na kaunti, basi. Haimjui binti aliyerudi kwao na watoto wawili. Haimjui fundi aliyekodi chumba cha mabati nyuma ya nyumba, wala mama wa chapati pale kwenye kona. Siku ya kugawa nyumba, asiye kwenye orodha haulizwi chochote.

Kazi yenyewe ifanyeni kwa safu za nyumba. Kila safu itoe watu wawili, ikiwezekana mama anayejulikana na kijana mwenye mwandiko mzuri, kwa sababu mlango utafunguliwa kwa ajili ya mama. Andikeni namba ya nyumba, jina lililo kwenye kadi, wanaolala humo, wameishi tangu mwaka gani, wanalipa kodi kwa nani, wana biashara gani hapo mtaani, na kama kuna mzee au mgonjwa asiyeweza kupanda ngazi. Hilo la ngazi msilipuuze, maana mipango mingi ni ya maghorofa. Pigeni picha kadi na risiti za kodi. Asiyetaka kutoa namba ya kitambulisho aachwe.

Kamati nyingi hupasukia kwa wapangaji wa vyumba vya nyuma. Mwenye kadi anaogopa kwamba akikiri ana mpangaji, kaunti itampokonya nyumba. Mpangaji naye anaogopa kufukuzwa na mwenye kadi. Msifunike jambo hili. Iteni kikao cha safu, wote wawili wakae mahali pamoja, mkubaliane kwa maandishi nini kitaombwa kwa ajili ya nani: mwenye kadi aombe nyumba mpya na mkataba, mpangaji wa nyuma aombe notisi ya kutosha, msaada wa kuhama na nafasi ya kuomba nyumba kama mkazi wa mtaa. Mtaa unaokuja mbele ya maafisa ukiwa umegawanyika hujibiwa nusu nusu.

Kuna pia kadi zenye jina la marehemu baba au bibi. Familia inaendelea kulipa kodi na haijabadilisha jina. Wahimizeni waende ofisi ya nyumba sasa hivi wakiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu. Foleni hiyo itakuwa ndefu sana mpango ukishatangazwa.

Hesabu ya namna hii haikuanzia kwetu. Kaunti ilipoutangaza mtaa wa mabanda wa Mukuru kuwa eneo maalum la mipango mnamo Agosti 2017, wakazi kupitia Muungano wa Wanavijiji, shirika la wakazi wa mitaa ya mabanda, walishiriki kukusanya taarifa nyumba kwa nyumba, wakakaa na wataalamu kuzungumzia maji, afya, barabara na makazi. Walikuwa na takwimu zao mkononi.

Hesabu ikiendelea, ombeni mpango wenyewe. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, na ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Barua ifupishwe hivi:

"Sisi wakazi wa mtaa wa ___ tunaomba, chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, nakala za: ramani ya mpango wa mtaa, makubaliano kati ya kaunti na mwekezaji, orodha ya wapangaji mliyo nayo, na mpango wa kuwahamisha wakazi wakati wa ujenzi."

Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe mhuri mrudi nayo. Wakikaa kimya, malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Ulizeni pia kuhusu ripoti ya athari kwa mazingira inayopelekwa NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, mtoe maoni kwa maandishi kabla muda haujaisha. Mkiisoma, tafuteni sehemu ya mabomba ya maji taka. Palipokuwa na nyumba za chini pakisimama maghorofa, mabomba ya zamani hayatoshi.

Siku ya kikao, msiulize "Mtatufukuza?" Mtajibiwa hapana, na mtakuwa mmepoteza nafasi. Ulizeni linalojibika kwa namba au kwa karatasi. Kati ya nyumba mpya, ngapi ni zetu? Tutalipa kiasi gani kwa mwezi? Tutasaini mkataba kabla ya kubomolewa? Kisha la mwisho ambalo mimi siliachi: tutalala wapi ujenzi ukiendelea, na kwa muda gani? Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walianza kuhamishiwa Lang'ata mwaka 2009. Nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyehama akiwa darasa la kwanza alikuwa akikaribia kumaliza shule ya msingi.

Ongeeni na maafisa kwa heshima. Mimi nataka mtaa wetu ujengwe. Mabomba yameoza, paa zinavuja, na vijana wetu wanalala sebuleni wakiwa watu wazima. Yupo afisa wa mipango anayetaka kazi ifanyike vizuri, na huyo mkimpa hesabu iliyopangwa ataitumia.

Angalieni karatasi ya mahudhurio. Sahihi zinaweza kuja kusomwa kama kibali. Juu ya kila ukurasa andikeni "kuhudhuria tu", muwe na orodha yenu pia, na mtu wenu aandike yaliyosemwa na nani aliyaahidi. Kabla ya kutawanyika, maazimio yasomwe kwa sauti. Kesho yake yapelekwe kaunti kwa barua yenye mhuri, nakala kwa mwakilishi wadi na kwa karani wa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi kwa kaunti yake.

Notisi ya kuhama ikija kabla ya majibu, kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinataja haki ya makazi, na katika kesi ya kijiji cha Mitumba, karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson, Mahakama ya Juu mnamo Januari 2021 ilikubali kwamba haki hiyo inaweza kuwalinda hata wanaoishi kwenye ardhi ya umma. Wasio na pesa za wakili waende Kituo cha Sheria, wanaosaidia watu maskini. Nendeni mapema, mkiwa na orodha, barua zenye mhuri na kumbukumbu za kikao, kwa sababu wakili atataka kuziona kabla ya kufungua jalada.