Kumuuliza mzee matakwa yake ya matibabu mapema
Kwa wazee wa Ulyankulu, Tabora, waliokimbia Burundi mwaka 1972, zungumzeni Kirundi. Usimfanye mjukuu mkalimani: atamwonea babu huruma, alikwepe neno "kufa", na jibu la kweli litapotea hapo hapo.

Usianze na kifo. Uliza: "Babu, ukizidiwa ukashindwa kusema, nani akusemee?" Kisha nyamaza. Akikaa kimya dakika nzima, mwache, anafikiri. Uliza pia kuhusu maumivu, mashine ya kupumulia, na kama angependa kuuguziwa nyumbani.

Andika maneno yake yenyewe, tarehe, jina na simu ya msemaji aliyemchagua. Nakala moja ikae ndani ya daftari la kliniki, nyingine apewe msemaji mbele ya ndugu. Akiteuliwa kimyakimya, siku ya siku hawatamsikiliza. Afya ikibadilika, muulizeni upya.