Kujifunza Msamiati wa Kihispania kwa Kupitia Kiingereza
Anza na maneno ya Kiingereza yanayoishia kwa "-tion", kwa kuwa mengi huishia kwa "-ción" katika Kihispania: "nation" ni "nación". Maneno hayo ni ya jinsia ya kike, kwa hiyo yaandike daftarini pamoja na kibainishi chake, yaani neno dogo "la" linalotangulia nomino ya kike, "la nación", ukikumbuka kwamba katika wingi alama ya mkazo huondoka, "las naciones". Yale ya "-ty", kama "university", mara nyingi huchukua "-dad": "universidad".

Hata hivyo, usiamini kila mfanano. "Embarazada" si "embarrassed". Maana yake ni mjamzito, na mwanamke aliyeona aibu husema "avergonzada". Vilevile "éxito" si "exit" bali ni mafanikio, ilhali mlango wa kutokea huandikwa "salida". Maneno haya ya hadaa yatengee ukurasa wake, nawe uyasome kwa sauti kila siku.